Taa za Eunos Roadster: anza na waya, balbu ije mwisho

Wengi wanaokuja kwangu na gari la zamani la michezo wanakuja na balbu mkononi. Wameshainunua. Boksi limeandikwa 100/90W, au balbu yenyewe ina feni kisogoni na imepigwa picha kwenye lami inayomeremeta. Namwomba mwenye gari aiweke kwenye dashibodi kwanza, halafu nachukua mita.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mbeya. Kazi nimejifunzia kwenye malori ya njia ya Tunduma, ambako taa ikikata kwenye mteremko wa Inyala hakuna muda wa kujiuliza tatizo ni fyuzi au waya. Kwa hiyo hata nikiletewa gari dogo la starehe naanzia pale pale: umeme unatoka wapi, unapita wapi, unafika kiasi gani.

Nitaeleza kwa mfano wa Mazda Eunos Roadster ya kizazi cha kwanza, iliyotoka mwaka 1989 na kuendelea hadi 1997, ambayo nje ya Japani inajulikana kama MX-5. Ndiyo ile yenye taa zinazolala ndani ya boneti na kunyanyuka ukiziwasha. Kijana mmoja wa Iyunga analo, la injini ya 1.6, rangi nyekundu iliyopauka kidogo juu ya boneti. Alivyoniletea alisema, "Dada, usiku naendesha kwa kukumbuka barabara." Nikamjibu, "Mdogo wangu, barabara ya kwenda Uyole haikumbukwi, ina matuta." Kama wewe una Celica, MR2 au Trueno ya zamani, soma tu, kinachobadilika ni umbo la kioo na mahali skrubu zilipo.

Kuvua taa bila kuacha vidole

Nyanyua taa kwa kitufe, zima kila kitu, kisha fungua boneti utafute boksi la fyuzi. Kuna fyuzi imeandikwa RETRACTOR. Ichomoe uiweke mfukoni. Hiyo ndiyo inayolisha mota za kunyanyua taa, na mota zile hazina huruma. Mtu akibonyeza kitufe ndani ya gari wakati mkono wako uko kwenye uwazi wa taa, utajua. Taa zikiwa hazinyanyuki kabisa, kila mota ina kirungu chake cha kuzungusha kwa mkono, kimefunikwa kofia ya mpira. Zungusha taratibu hadi taa isimame.

Vua fremu nyeusi ya plastiki iliyozunguka taa. Plastiki ya umri huu imekauka, usiivute kabla hujahakikisha skrubu zote zimetoka. Ndani utaona pete ya chuma inayobana kioo cha duara cha inchi 7. Pete inashikwa na skrubu ndogo, na karibu yake kuna skrubu mbili kubwa zaidi za kurekebisha taa: moja ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto. Hizo mbili usiziguse sasa. Nimeletewa magari ambayo aliyetangulia alizifungua akidhani ndizo zinazoshika taa, na tangu hapo gari linamulika paa za nyumba.

Skrubu ikiwa imeshikwa na kutu, tia mafuta ya kupenyeza ulale nayo. Ukilazimisha utaimaliza kichwa, na kutoboa skrubu ndani ya shimo lile ni kazi ya siku nzima.

Mita ndiyo inayosema

Taa ikiwa nje inaning'inia na waya zake, washa injini, ikae kwenye mzunguko kama 1,500 kwa dakika, washa dimu. Betri ya Eunos iko kwenye buti, upande wa kulia, kwa hiyo anza nyuma: pima kwenye vichwa vya betri. Ukipata kati ya volti 13.8 na 14.4, alteneta iko kazini. Ukipata 12 na kitu, acha habari za taa, shughulikia chaji kwanza.

Sasa njoo mbele. Usichomoe soketi ya balbu. Penyeza ncha za mita kwa nyuma ya soketi ziguse vyuma vya ndani huku balbu inawaka. Lazima iwe inawaka. Waya mbovu usiokuwa na mzigo unaonyesha volti zote bila aibu, ndiyo maana mtu anapima soketi tupu, anaona 13.9, anaapa kwamba waya ni mzima. Mwekee ampea 4 au 5 uone.

Gari la kijana lilikuwa na 14.0 kwenye betri na 11.7 kwenye balbu. Volti 2.3 zimepotelea njiani.

Mtu atasema 11.7 si mbaya, ni karibu 12. Hapo ndipo halojeni inapowadanganya watu. Mwanga wake haupungui sawasawa na volti. Unapungua kwa kasi kubwa zaidi, takribani kwa kipeo cha 3.4. H4 ya kawaida, ile balbu ya halojeni yenye dimu na fulu ndani yake, ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, na mwanga wake wa kitaalamu, lumeni 1,650 kwa fulu na 1,000 kwa dimu, hupimwa kwenye volti 13.2. Ikipata 11.7 inatoa kama theluthi mbili tu ya mwanga huo. Yaani kijana alikuwa amelipia balbu mbili nzima, anapata theluthi mbili tu ya mwanga wake, na volti zilizopotea zinageuka joto kwenye waya na soketi. Na rangi nayo inageuka, inakuwa ya chungwa iliyochoka, mtu anaamua balbu zimezeeka.

Baada ya hapo gawa hasara. Mita ina kazi mbili zaidi. Ncha moja kwenye chanya ya alteneta au kwenye kichwa cha waya mkubwa unaoingia boksi la fyuzi, ncha nyingine kwenye chuma cha chanya cha soketi, taa ikiwaka: hiyo ni hasara ya upande wa chanya. Kisha chuma cha hasi cha soketi hadi bodi tupu ya gari: hiyo ni hasara ya ethi, njia ya hasi inayorudi kupitia bodi. Mimi nikiona zaidi ya nusu volti upande wowote sikubali. Kwa Eunos ile chanya ilikuwa inapoteza 1.4 na ethi 0.9.

Pale waya unapojikunja

Hapa naomba tukae kidogo, maana magari ya taa za kunyanyuka yana ugonjwa wao.

Kila ukiwasha taa, waya za balbu zinajikunja, ukizima, zinajikunjua. Fanya hivyo miaka thelathini. Fuata waya kutoka kwenye soketi kurudi nyuma mpaka pale zinapoingia kwenye sehemu ya gari isiyotembea, kisha zishike kwa vidole viwili uzikunje polepole. Waya mzima unarudi. Waya mgonjwa unakunjika mahali pamoja kama kona, kwa sababu ndani nyuzi nyingi zimeshakatika na gamba ndilo linaloshikilia. Nilipochana gamba la waya mmoja wa kijana, shaba ilikuwa ya kijani, inapukutika, na nyuzi chache tu ndizo zilizokuwa zinabeba taa nzima. Pembeni yake kulikuwa na kiungo cha zamani, waya mbili zimesokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi, gundi yake imeyeyuka na kunasa vumbi jekundu.

Kiungo cha kusokota na tepu hakikai kwenye taa. Bana kwa kichwa cha waya na koleo lake, au lehemu, halafu funika kwa mpira ule unaonywea ukipashwa moto. Ila kwenye sehemu inayojikunja usilehemu: risasi inaufanya waya uwe mkavu, utakatika pembeni mwa kiungo. Hapo badilisha kipande chote, uweke waya wa nyuzi nyembamba nyingi, mrefu wa kutosha taa inyanyuke bila kuuvuta, ndani ya bomba laini. Kisha nyanyua na ushushe taa kwa mkono, kwa kile kirungu, ukiangalia waya unakopita. Ukifunga waya kwa kibanio cha plastiki karibu sana na bawaba, umeanzisha ugonjwa ule ule upya.

Ethi nayo usiitegemee kupitia bawaba. Shusha waya wa hasi wa kila taa hadi kwenye bodi yenyewe, kwangua rangi mpaka chuma kiwe cheupe, kaza kwa bolti na kichwa cha pete, paka grisi juu. Kwa gari la kijana hiyo peke yake iliishusha hasara ya ethi hadi 0.1.

Kuhusu kununua waya. Madukani kuna waya wa bei poa ambao nje unang'aa shaba, ndani ni aluminiamu iliyopakwa. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja. Ukiona weupe chini ya wekundu, mrudishie mwenye duka kwa adabu. Aluminiamu inapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene ule ule, na inavunjika haraka ikikunjwa, na hapa kazi yake ndiyo kukunjwa.

Rilei mbili

Waya za kiwandani ni nyembamba, zinazunguka kupitia swichi ya kwenye usukani, na kila kituo kinakula chake. Dawa ni kuiachia swichi kazi ya kuamuru tu, umeme wenyewe upite njia fupi. Unahitaji rilei mbili (swichi zinazowashwa na umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa) za ampea 30 au 40, moja ya dimu na moja ya fulu, waya wa milimita za mraba 4 kutoka chanzo hadi kwenye rilei, na 2.5 kutoka rilei hadi kwenye taa.

Toa hasi ya betri kule kwenye buti kwanza. Hili si pambo la maneno: waya mkubwa wa mbele unakofika kwenye boksi la fyuzi uko hai muda wote, na spana ikiugusa huku imegusa bodi utaona cheche usiyoisahau.

Watu wa Eunos wanapenda kuvuta waya mpya kutoka kwenye betri, na betri iko nyuma. Hakuna haja. Injini ikiwaka umeme unatoka kwa alteneta, na alteneta iko mbele. Chukua chanya pale waya mkubwa unapoingia boksi kuu la fyuzi. Weka fyuzi ya ampea 15 kwa kila rilei, karibu na chanzo, sentimita 15 au 20 hivi. Waya ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi, kwa hiyo uwe mfupi. Dimu mbili za wati 55 zinakula kama ampea 9 na kidogo, fulu mbili ampea 10. Kumi na tano zinatosha na zinaacha nafasi.

Rilei ina namba chini yake. Namba 30 inapokea umeme kutoka fyuzi. 87 inapeleka kwenye taa. 85 na 86 ni za koili, ndizo zinazoamriwa na swichi. Ukiuziwa yenye miguu mitano, ule wa katikati ulioandikwa 87a usiuguse; huo una umeme rilei ikiwa imelala, ukiuunganisha taa zitawaka ukiwa umezima.

Sasa swali ambalo limechoma fyuzi za watu wengi: gari lako linakata chanya au linakata hasi? Toyota nyingi za zamani, kwa mfano, zinapeleka chanya moja kwa moja kwenye balbu na swichi inafunga njia ya hasi. Ukiifunga rilei kwa mazoea ya gari la Ulaya, haitafanya kazi. Mimi sijisumbui kukariri gari gani liko vipi. Soketi moja ya zamani ya H4 naifanya kiamrishi. Ina vyuma vitatu: kimoja cha pamoja, kimoja cha dimu, kimoja cha fulu. Koili ya rilei ya kwanza naiweka kati ya cha pamoja na cha dimu, koili ya pili kati ya cha pamoja na cha fulu. Basi. Liwe linakata chanya au hasi, koili inapata volti zake swichi ikiwashwa. Hakikisha tu rilei zako hazina dayodi ndani, maana yenye dayodi inachagua upande. Na kwa zile Toyota, wakati mwingine ile taa ya bluu ya fulu kwenye dashibodi inabaki ikiwaka hafifu baada ya kazi hii; haina madhara, ila mwambie mwenye gari mapema asije akakurudia na maneno.

Soketi ya pili ya zamani izibe vizuri na uifunge pembeni. Taa zote mbili sasa zinatumia soketi mpya. Tafuta za kauri kama zipo, plastiki ya bei rahisi inalegea kwa joto.

Rilei ziwe juu, miguu ikitazama chini, maji yasikae ndani yake. Mvua ya Mbeya ikianza Novemba haitanii.

Tukarudisha betri, tukapima: 13.4 kwenye balbu, balbu zile zile za zamani. Ukipiga hesabu ya kile kipeo cha 3.4, mwanga umeongezeka kwa zaidi ya nusu ya ule aliokuwa nao asubuhi. Ile balbu ya feni aliyokuja nayo bado ilikuwa kwenye dashibodi.

Kioo: tazama mshale

Kama rifleta ya ndani, ule uso unaorudisha mwanga mbele, imepauka au ina madoa meusi, hakuna kuisugua. Ule weupe ni tabaka jembamba sana la aluminiamu, kitambaa kikipita nalo linaondoka. Badilisha taa nzima. Uzuri wa inchi 7 ni kwamba ni kipimo cha dunia. Land Rover za zamani zinatumia, Jeep zinatumia, malori yanatumia.

Ubaya ni kwamba nyingi zinazouzwa mtandaoni zimetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Sisi tunaendesha kushoto, kama Japani. Dimu ya taa yetu inapanda kidogo upande wa kushoto, imulike ukingo wa barabara, watembea kwa miguu na alama, na upande wa kulia inabaki chini isimpige anayekuja. Taa ya Marekani au ya Ulaya bara inafanya kinyume: giza ukingoni, mwanga machoni mwa dereva wa basi. Hakuna skrubu ya kurekebisha hilo, limechongwa kwenye kioo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa omba picha ya kioo kwa karibu. Taa yenye kibali cha kimataifa ina herufi E na namba ndani ya duara, namba ikionyesha nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 11 Uingereza, 43 Japani. Karibu yake utaona HCR, maana yake ni halojeni yenye dimu na fulu. Kisha tafuta mshale. Ukiwa umesimama mbele ya gari unaitazama taa, mshale unaoelekea mkono wako wa kulia ni wa nchi za kushoto, ndio wetu. Isiyo na mshale ni ya nchi za kulia. Yenye mshale wa pande mbili inakubali kote. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa dada", achana naye.

Balbu, kwa kifupi

H4 ya kawaida, 60/55, ya kampuni inayojulikana. Umeshaipa volti, itakulipa. Zile zinazotangazwa kuwa na mwanga zaidi kwa wati zile zile ni kweli zinamulika zaidi, ila uzi wake unachomeka kwa joto kubwa, hazidumu. Za rangi ya bluu zinachuja mwanga ili zionekane nyeupe, unalipia kupungukiwa. Za 100/90 zinataka ampea zaidi ya 8 kila moja kwenye fulu, na joto lake linaunguza soketi na rifleta.

Balbu za LED za kuchomeka kwenye taa ya halojeni sizifungi mpaka tukubaliane kuzijaribu ukutani. Ndani ya H4, chini ya uzi wa dimu, kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipige nusu ya chini ya rifleta. Ndicho kinachochora ule mstari wa kukata mwanga. Rifleta imechongwa kwa ajili ya uzi mmoja uliokaa mahali pamoja, na vipande vya LED mara nyingi havikai hapo kabisa. Matokeo ni mwanga mwingi karibu ya bampa, mwingine juu kwenye miti, na mbele pale unapouhitaji hafifu. Dereva anafurahi kwa sababu anaona weupe. Anayekuja mbele hafurahi.

Taa nzima ya LED ya inchi 7, yenye lenzi zake yenyewe, ni habari nyingine, na yenye mshale sahihi inaweza kuwa nzuri sana. Kwa Eunos pima kina chake kwanza. Nyingi zina mapezi ya kupoza nyuma, na nafasi ya taa inayolala si kubwa. Ukishaifunga usikimbilie kitufe. Ishushe kwa kirungu cha mota, taratibu, ukisikiliza kama kuna kitu kinagusa.

Kupanga mwanga kwenye mji wa milima

Kila maelezo ya kupanga taa yanaanza na "egesha gari sehemu tambarare". Mbeya sehemu tambarare unaitafuta kwa tochi. Tumia mpira wa maji, ule mwembamba unaopitisha mwanga wanaotumia mafundi waashi. Kwanza sawazisha gari lenyewe: ncha moja ya mpira kwenye kitovu cha gurudumu la mbele, nyingine la nyuma, halafu kulia na kushoto, ukiweka vipande vya mbao chini ya tairi lililo chini mpaka maji yakubaliane na wewe. Tairi ziwe na upepo wake, na mtu wa uzito wa dereva akae kwenye kiti. Gari hili ni jepesi, chini kidogo ya tani moja, kwa hiyo mtu mmoja anaonekana ukutani.

Sogeza gari karibu na ukuta, kama mita 1, weka alama mbili mkabala na katikati ya kila taa, chora mstari wa wima kwenye kila alama. Rudi nyuma moja kwa moja hadi mita 10, usawazishe gari tena. Sasa hamisha kimo cha katikati ya taa hadi ukutani kwa ule mpira. Maji hayajali kama ardhi ya chini ya ukuta imeinama. Chora mstari wa ulalo. Chini yake sentimita 10, chora mwingine. Huo wa chini ndio wa kazi.

Washa dimu, ziba taa moja kwa kipande cha boksi kisichogusa kioo. Zungusha skrubu ya juu na chini mpaka ukingo wa mwanga wa upande wa kulia ulale kwenye mstari wa chini. Kisha ile ya pembeni, mpaka kona, pale mwanga unapoanza kupanda kuelekea kushoto, ikae kwenye mstari wa wima. Hamia taa ya pili. Fulu itajipanga yenyewe, ziko ndani ya rifleta moja.

Sentimita 10 kwa mita 10 ni asilimia 1. Tuseme taa yako iko kimo cha sentimita 65: ukingo wa dimu utagusa lami mita 65 mbele. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo unazimaliza chini ya sekunde tatu. Ndiyo maana tofauti ya sentimita chache ukutani si ya kupuuza. Kijana alitaka niipandishe kidogo "ili ifike mbali". Nikamkalisha ndani ya gari la mwenzie aliyeegesha mbele yake akitazamana naye, nikapandisha. Akasema nirudishe. Gari hili limekaa chini mno. Wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuumia kila mtu akiamua kupandisha.

Ukungu, na Altezza

Ukienda Tukuyu, kuanzia Isyonje na Isongole ukungu unaweza kushuka saa yoyote, mchana ukiwemo. Pale ubaki kwenye dimu. Fulu inapiga matone ya maji hewani na kukurudishia ukuta mweupe, na kadiri taa ilivyo kali ndivyo ukuta unavyokaribia. Ukitaka msaada wa kweli funga taa za ukungu chini ya bampa, zenye mwanga mpana na bapa unaopita chini ya usawa wa macho yako, kwa rilei yake na fyuzi yake.

Wenye Altezza mnaniuliza sana, na kwenu tatizo la kwanza ni plastiki ya nje iliyogeuka njano kwa jua. Dawa ya meno inadumu wiki kadhaa. Fanya kazi ya kweli: zungushia tepu ya karatasi kulinda rangi, sugua kwa msasa wa maji namba 800 au 1,000 mpaka njano yote iondoke na kioo kiwe cheupe cha ukungu, panda 2,000, panda 3,000, maji yakitiririka muda wote. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaacha, pulizia vanishi maalumu ya kuzuia miale ya jua. Kiwandani plastiki ilikuwa na ngozi hiyo na wewe umeiondoa kwa msasa. Bila kuirudisha, njano itakuja upesi kuliko mwanzo. Kisha urudi kwenye mita kama wengine.

Kwa gari lolote, ukishapita nalo kwenye matuta na vumbi kwa siku kadhaa, lirudishe ukutani uangalie mstari, maana skrubu mpya zinajiweka sawa. Siku hiyo hiyo washa fulu injini ikiwa inazunguka, subiri dakika kumi, kisha gusa kila kishikio cha fyuzi na kila kiungo ulichofunga, ukianzia na vile vilivyo karibu na rilei. Vuguvugu si shida. Kile kinachokufanya uondoe kidole kina mguso mbaya ndani. Zima, toa hasi ya betri, ukifungue ukibane upya.